Kweli au Si Kweli: Kwa Nini Intaneti Inaganda Kibaha na Kisarawe

Kibaha na Kisarawe zinapakana na Dar es Salaam, na ujirani huo umewafanya wengi waamini kwamba intaneti yao inapaswa kuwa sawa na ya Posta au Kariakoo. Isipokuwa hivyo, lawama huangukia mnara, kampuni ya simu, mvua, au kijana wa IT aliyeajiriwa juzi. Ni mara chache mtu huuliza swali la msingi: hizo pakiti za data zinazopita hewani, nani anaamua ipi itangulie, ipi isubiri na ipi iache njia?

Kuamua hivyo ndiko kusimamia trafiki ya mtandao. Ni kazi ya kila siku, haihitaji mtambo wa mamilioni, na katika shule, zahanati na ofisi nyingi za wilaya hizi mbili haijafanywa na mtu yeyote. Badala yake tunaendeshwa na maneno ya kusikia. Yapo yaliyo kweli, yapo ya uongo, na yapo ya nusu kwa nusu ambayo ndiyo yanayopoteza fedha za umma. Tuyapitie.

“Simu yangu imejaa vijiti vyote, kwa hiyo mtandao uko vizuri.”

Si kweli. Vijiti vinaonyesha nguvu ya mawimbi yanayokufikia kutoka mnarani, basi. Havisemi mnara huo unahudumia simu ngapi kwa sekunde hiyo. Kwenye 4G mnara hukata uwezo wake vipande vidogo na kuvigawa upya kila milisekunde moja. Sekta, yaani upande mmoja wa mnara, yenye upana wa megahezi 20 ina vipande 100 vya kugawa. Yenye megahezi 10 ina 50. Saa nane usiku ukiwa macho peke yako, karibu vyote ni vyako. Saa moja jioni pale Maili Moja, Kibaha, watu wakishuka kwenye mabasi kutoka kazini Dar, vipande ni vilevile na wanaovitaka ni mamia. Vijiti kwenye simu yako havijapungua hata kimoja, lakini video inazunguka tu.

Upande wa pili wa milima ya Pugu mambo yanaweza kugeuka. Ukishapita Kisarawe mjini ukateremka kuelekea Msanga na Maneromango, unaweza kuwa na vijiti viwili na ujumbe ukaenda bila shida, kwa sababu wanaogombea mnara ni wachache. Ila hapo pia kuna gharama: simu yenye mawimbi hafifu hulazimika kutumia vipande vingi zaidi kubeba data ileile, kwa hiyo watu wachache walio pembezoni wanaweza kuulemea mnara kuliko idadi yao inavyoonyesha.

“Ofisi ikilipia kasi kubwa zaidi, kuganda kutaisha.”

Mara nyingi si kweli, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua ofisi yenye intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde kushusha na megabiti 2 kupandisha. Mtumishi mmoja ameweka simu yake kwenye Wi-Fi, na simu imeanza kujihifadhia picha za harusi ya Jumamosi kwenye akaunti ya mtandaoni. Hakuibonyeza, imejianzia yenyewe. Picha zinakuja kwenye ruta kwa kasi kubwa kuliko megabiti 2 zinazoweza kutoka, na ruta, kwa kuwa ina kumbukumbu ya kutosha, inazipanga foleni. Tuseme foleni hiyo imefika megabaiti 1. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Kwa mlango wa megabiti 2 itachukua sekunde 4 kuisha. Kwa hiyo mhasibu wa chumba cha pili anayebonyeza kitufe kimoja kwenye mfumo wa malipo, pakiti yake ndogo inaingia mkiani na kungoja sekunde 4 kabla hata ya kutoka nje ya jengo. Anayepiga simu ya intaneti anasikia vipande vya sauti. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Hapa tuna 4,000. Fundi anapima kasi, anakuta megabiti 10 zimo, anasema mtandao ni mzima. Yeye na mhasibu anayelalamika wote wanasema kweli. Kasi ipo, ila foleni imeimeza.

Kwa nini ruta zimetengenezwa hivyo? Historia yake inaanzia mbali. Oktoba 1986 huko California, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majengo yaliyoachana chini ya nusu kilomita, yaliporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Kompyuta zilikuwa zinatuma, hazijibiwi kwa wakati, zinatuma tena, na kujizidishia msongamano zenyewe. Van Jacobson na Michael Karels walitafuta dawa, na mwaka 1988 Jacobson akaichapisha: mtumaji apunguze mwendo kila anapoona pakiti imepotea. Dawa hiyo imeushikilia mtandao wa dunia mpaka leo. Lakini ina sharti moja, nalo ni kwamba pakiti lazima ipotee mapema ili mtumaji ajue amezidisha. Kumbukumbu za kompyuta zilipokuwa rahisi, watengenezaji wa ruta wakaziongeza kwa nia njema wasipoteze pakiti hata moja. Matokeo yake mtumaji hapati onyo, anaendelea kusukuma, foleni inanenepa.

Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys aliligundua tatizo hili nyumbani kwake na kulipigia kelele. Miaka miwili baadaye Kathleen Nichols pamoja na Jacobson yuleyule walitoa njia inayoitwa CoDel. Haiulizi pakiti ngapi ziko kwenye foleni. Inauliza kila pakiti imekaa humo kwa muda gani. Ikiona kukaa kumezidi milisekunde 5 na hali hiyo imedumu kwa kama milisekunde 100, inaanza kudondosha chache ili mtumaji ashtuke. Ndugu yake, fq_codel, anafanya hayo na pia kuitenga kila safari ya data kwenye foleni yake, hivyo pakiti moja ya mhasibu haikai nyuma ya picha 300 za harusi. Ilichapishwa kama waraka RFC 8290 Januari 2018. Leo iko bure ndani ya programu ya OpenWrt, na iko kwenye toleo la 7 la programu ya ruta za MikroTik, vile visanduku vilivyozoeleka sana kwa mafundi wetu.

Inapowashwa kuna jambo moja linalowaudhi wenye ofisi. Fundi lazima aiambie ruta ijizuie chini kidogo ya kasi iliyolipiwa: kwenye megabiti 10 aweke 9, kwenye 2 aweke 1.8. Bosi atauliza kwa nini tumelipia 10 tukatumia 9. Jibu liko barabarani. Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa hadi njia nane kati ya Kimara na Kibaha, kilomita 19.2, magari yaliyokuwa yakienda mbele zaidi yaliikuta njia ya zamani baada ya pale, na msongamano ukahamia huko. Ndivyo ilivyo kwa data: foleni hukaa pale njia inapobana. Usipoibana wewe ndani ya ruta yako, itajipanga kwenye kifaa cha kampuni ambacho huna mkono nacho. Ukijinyima sehemu moja ya kumi unaileta foleni nyumbani, unaisimamia.

Kujua kama unaugua hili hakuhitaji mtaalamu. Fungua kompyuta, piga pingi, yaani ujumbe mdogo unaopima muda wa kwenda na kurudi, kwenye seva yoyote ya karibu, acha ikimbie. Tuseme inarudi kwa milisekunde 40. Sasa anza kupandisha video kubwa kutoka simu nyingine iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo, ukiangalia namba. Zikibaki 50 au 60, ruta yako ina adabu. Zikipanda 400, 900, 2,000, umeiona foleni kwa macho yako, na kifurushi kikubwa zaidi kitakachonunuliwa kitaahirisha tu siku ya kuirudia.

Kwa wanaotumia laini ya 4G kama intaneti ya ofisi, na Kisarawe vijijini ni wengi, kuna ugumu wa ziada: kasi ya laini yenyewe inapanda na kushuka, kwa hiyo namba ya kujizuia iwekwe kwa kupima saa za msongamano, si alfajiri.

“Anayekaa mbali na Wi-Fi anajiumiza mwenyewe tu.”

Si kweli kabisa, na natamani kila mwalimu wa kompyuta alijue hili. Wi-Fi ni hewa moja inayosemwa kwa zamu. Kifaa kikiongea, vingine vyote kwenye chaneli hiyo vinanyamaza. Zamu zinahesabiwa kwa pakiti, na pakiti hazina muda sawa. Pakiti ya kawaida ina baiti 1,500, yaani biti 12,000. Kompyuta iliyo karibu inayoongea kwa megabiti 54 inaimaliza kwa kama milisekunde 0.22. Ile iliyotolewa nje chini ya mwembe, ukuta wa bloku katikati, imeshuka hadi megabiti 1: pakiti hiyohiyo inachukua milisekunde 12. Kila mmoja akipata zamu moja, yule wa mwembeni ameishika hewa mara 54 zaidi ya mwenzake.

Watafiti wa Grenoble, Ufaransa, wakiongozwa na Martin Heusse, waliliandika hili mwaka 2003: mmoja akiwa mwendo wa kobe, wote hushushwa karibu na mwendo wake. Ndiyo maana maktaba yenye kompyuta nzuri 20 inaweza kulala kwa sababu ya simu moja iliyoko getini.

Dawa zipo, na ya kwanza ni bure. Ndani ya mipangilio ya Wi-Fi, fundi azime kasi za kizamani za megabiti 1, 2, 5.5 na 11. Kifaa kilicho mbali mno kitakatika badala ya kuburuza wengine, na mwenyewe atasogea. Najua kukata mtu kunaonekana ukatili. Lakini kumwachia mmoja atumie muda wa darasa zima ni ukatili mkubwa zaidi, ila hauonekani. Ya pili ni programu inayogawa hewa kwa muda badala ya kwa idadi ya pakiti. Kazi ya Toke Høiland-Jørgensen na wenzake, waliyoichapisha mwaka 2017, iliingizwa kwenye Linux na vifaa vingi vya OpenWrt vinaitumia. Ya tatu inagharimu kidogo: mahali ambapo watu wanakaa kweli, hata kama ni chini ya mwembe, pawekwe kifaa chake kilichovutiwa waya.

“Ukiongeza vifaa vya Wi-Fi, kasi inaongezeka.”

Nusu kweli, na nusu ile nyingine inauma. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 kuna chaneli 3 tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ukifunga vifaa vitano kwenye jengo moja vyote vikiwa chaneli 6, umefunga vifaa vitano vya kupigiana kelele. Kuongeza nguvu ya kurusha ndilo kosa kubwa zaidi, maana kifaa kinasikika mbali kuliko kinavyoweza kuisikia simu ndogo inayokijibu.

Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyopokea Wi-Fi na kuirusha tena vina shida yao. Vingi vina redio moja, kila pakiti inasemwa mara mbili kwenye hewa ileile, na kasi inakatika nusu. Ukiunga cha pili nyuma ya cha kwanza, kilichobaki ni kidogo mno. Waya mmoja wa mtandao wa mita 60 ulioingizwa kwenye bomba na kuzikwa kati ya jengo la utawala na madarasa unafanya kazi kuliko vifaa vitatu vya namna hiyo. Masafa ya gigahezi 5 yana chaneli nyingi zaidi na yanafaa chumba chenye watu wengi, ila hayapendi kuta.

“Mvua ikinyesha, mtandao lazima uharibike.”

Inategemea mvua inakutana na nini. Wi-Fi ya 2.4 na 5 na mawimbi ya simu hayajali matone ya mvua kwa umbali wa kawaida. Viungo vya maikrowevu vinavyounganisha minara kwa masafa ya juu ya gigahezi 10 vinajali, na mvua kubwa ya masika inaweza kuvipunguza. Lakini kwenye mazingira ya Kisarawe, yenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi na mikorosho mikubwa, angalia kwanza majani: majani yaliyolowa hunyonya mawimbi kuliko makavu. Antena iliyofungwa mwaka juzi ikiwa inaiona njia yake safi, leo inaweza kuwa inatazama tawi. Na umeme. Mara nyingi kilichokatika siku ya mvua ni umeme wa ruta.

“Kampuni zinatoa bando la usiku kwa bei ndogo kwa sababu mtandao wa usiku hauna watu.”

Kweli, na ni mfano safi wa kusimamia trafiki kwa bei. Gharama nyingi za mnara ni zilezile usiku. Uwezo wake usipotumika saa tisa alfajiri hauwezi kuwekwa akiba ukatumika saa moja jioni. Anayehamishia kushusha mafaili makubwa usiku anajisaidia na anawaachia nafasi majirani zake. Shule inaweza kufanya hivyohivyo ndani ya mtandao wake bila kumuuliza mtu.

“Kusimamia trafiki maana yake ni kuwafungia watu YouTube.”

Si kweli, ingawa wapo wanaoifanya hivyo na kuiharibia jina.

Kufunga tovuti ni rahisi na faida yake ni ndogo. Data nyingi siku hizi imefichwa. Ruta inaona inakokwenda, haioni kilichomo, na vijana wenye VPN wanapita pembeni. Halafu mwalimu wa Biolojia ambaye hana maabara ya kutosha anaihitaji video ya moyo unavyosukuma damu kuliko anavyohitaji hotuba yangu. Anayefunga bila kuangalia kwanza nini kinakula mtandao anapiga kivuli.

Kinachokula, ukifungua ukurasa wa ruta na kupanga watumiaji kwa kiasi, kwa kawaida ni mambo ambayo hakuna aliyeyaomba: simu kujihifadhia picha, WhatsApp kushusha kila video ya kundi, programu kujisasisha. Piga hesabu ya chumba chenye kompyuta 40, kila moja ikitaka sasisho la megabaiti 500. Hizo ni gigabaiti 20. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, bila mwingine yeyote kugusa mtandao, ni zaidi ya saa nne na dakika 20. Zikianza Jumatatu saa mbili asubuhi, asubuhi yote imekwisha. Windows yenyewe ina mpangilio unaoruhusu kompyuta moja kushusha na kuzigawia nyingine ndani ya jengo, na ina saa za kuzuia. Ni kazi ya mchana mmoja kuweka hayo.

Hatua inayofuata ni kuyaleta masomo ndani. Kompyuta moja ya kawaida ikiwekwa programu ya masomo ya Kolibri, au Wikipedia yote ya Kiswahili kupitia programu ya Kiwix, inahudumia darasa zima kwa kasi ya Wi-Fi bila kugusa intaneti. Pakiti ambayo haikulazimika kutoka nje ndiyo pakiti nyepesi kuliko zote. Kwa shule ya Mzenga au Marui yenye laini moja ya simu, hili lina thamani kuliko mpangilio wowote wa foleni.

Kisha ndiyo haki ya mgawo. Programu za kushusha mafaili hufungua njia 16 kwa mpigo. Ruta inayogawa kwa kuhesabu njia itampa mwenye programu hiyo mafungu 16 na mwenzake moja. Mafundi wa MikroTik wana mpangilio unaoitwa PCQ unaogawa kwa mtu badala ya kwa njia. Ukiwashwa, watu 10 wanagawana sawa, na watatu wakiondoka, saba wanagawana kasi yote bila mtu kugusa chochote.

Na kipaumbele. Hapa naomba wenye mamlaka wanisikilize. Katika hospitali, mfumo wa kusajili wagonjwa kama GoT-HoMIS, majibu ya maabara na uhakiki wa bima vinatuma pakiti ndogo sana. Havihitaji kasi, vinahitaji kutosubirishwa. Mama amembeba mtoto mwenye homa, amesimama dirishani, karani anamwambia mfumo unazunguka, na wakati huohuo Wi-Fi ya wageni inaonyesha mpira ukumbini. Hilo si tatizo la mkongo wala la bajeti. Linatatuliwa kwa kuutenga mtandao wa wageni, kuuwekea kikomo, na kuandika mstari mmoja unaosema data ya mfumo wa hospitali itangulie. Hali hiyo ikiwepo mahali, kuna mtu ambaye hajafanya kazi ya saa moja.

Kanuni hizo ziandikwe na kubandikwa ubaoni: nini kinatangulia, saa ngapi, kikomo cha mgeni ni kipi. Zikikaa kichwani mwa fundi peke yake, wiki ya pili simu ya bosi itakuwa na foleni yake maalumu na hakuna atakayejua. Vilevile, kuangalia kiasi cha data si ruhusa ya kuchungulia maisha ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhusu pia mkuu wa shule mwenye orodha ya tovuti walizotembelea walimu wake.

“Mkongo ukikatika baharini, sisi wa huku hatuna la kufanya.”

Si kweli yote. Tanzania ilipata mkongo wa SEACOM Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata. Mei 12, 2024 yote miwili ilipata hitilafu kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima ikaumwa. Hakuna fundi wa Kibaha anayeweza kuuunga waya ulioko chini ya bahari. Lakini siku kama hiyo uwezo uliobaki unagawanywa, na mwenye kanuni anaendelea na kazi muhimu wakati asiye nazo anaona vyote vimesimama. Zaidi ya hapo, si kila pakiti inavuka bahari. Tangu 2004 watoa huduma wanabadilishana trafiki ya ndani Dar es Salaam kupitia kituo cha TIX, kwa hiyo ofisi ya Kisarawe inayotumia seva iliyopo nchini haihitaji kupita London kuifikia. Anayechagua wapi aweke tovuti ya shule au mfumo wa ushirika wa wakulima, afikirie hilo kabla ya bei.

“Ukisimamia trafiki vizuri, hakuna haja ya kuongeza minara wala kasi.”

Si kweli, na wanaouza hoja hii kwa halmashauri wanafanya dhambi kubwa kama wale wa kununua kila kitu. Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza mwaka 1909 kuonyesha kwa hesabu jinsi simu zinavyofika kwa kubahatisha na jinsi zinavyojipanga. Kwa hesabu rahisi iliyotokana na kazi ya namna hiyo, njia inayotumika nusu ya uwezo wake humchelewesha mtu mara 2 ya muda wa kuhudumiwa. Ikifika asilimia 80 ni mara 5. Asilimia 90, mara 10. Asilimia 95, mara 20. Ujuzi wa foleni unaweza kuamua nani asiguswe na ucheleweshaji huo. Hauwezi kuufuta. Njia iliyojaa mchana kutwa kwa kazi halali inahitaji kupanuliwa.

Na vijiji ambavyo havina mawimbi havina trafiki ya kusimamia. Ndiyo sababu Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, bado una kazi. Mei 13, 2023 ulisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Minara ikisimama, swali la kugawana hewa yake linaanza siku hiyohiyo.

Kwa ofisi inayotaka kuomba kasi zaidi, usimamizi ndio unaotoa ushahidi. Ruta kama za MikroTik zina uwezo wa kuchora matumizi ya mtandao na kuyahifadhi kwa wiki kadhaa. Kabla ya mipangilio, mchoro unakuwa vurugu: umegonga dari usiku na mchana, haijulikani kwa nini. Baada ya kuzima masasisho ya mchana, kuwatenga wageni na kugawa kwa mtu, subiri mwezi mmoja uangalie tena. Mstari ukigonga dari saa tatu asubuhi hadi saa saba, siku za kazi tu, huku kazi halali za ofisi ndizo zenye sehemu kubwa, huo mchoro upelekwe kwenye kikao cha bajeti kama ulivyo. Mstari ukishuka hadi nusu, fedha iliyokuwa imeombwa inunue betri ya kuishikilia ruta umeme ukikatika.